Taa za Zahanati: Somo la Umeme wa Jua na Wageni wa Kujitolea

Wanafunzi wenzangu na wasomaji wote wa gazeti letu la muhula, nimeombwa kuandika juu ya umeme wa vijijini. Nimefikiri sana nianzie wapi, maana habari za umeme ni nyingi, na vitabu vilivyomo katika maktaba yetu vimekwisha kuzieleza vizuri kuliko nitakavyoweza mimi. Basi nimeamua kueleza habari ya betri moja tu. Betri hiyo ilikuwa katika zahanati ya kijiji chetu huko Kamuli, wilaya ya Kyerwa, mkoa wa Kagera. Nitaeleza jinsi ilivyoletwa na wageni waliojitolea kutoka ng'ambo, jinsi ilivyokufa, na nani aliyeiua. Kwa njia ya betri hiyo tutajifunza hesabu ambayo yampasa kila mwenye sola kwao kuijua, na tutaona pia ni jambo gani linaloufanya msaada wa mgeni udumu au upotee.

UMEME KATIKA NCHI YETU

Umeme si jambo jipya katika Tanzania. Mji wa Dar es Salaam ulipata umeme mwaka 1908, wakati wa utawala wa Wajerumani. Lakini kwa miaka mingi baadaye umeme ulikaa mijini, na mkulima wa migomba na kahawa aliendelea kuwasha koroboi lake kama baba yake na babu yake walivyofanya. Mwaka 2005 ilitungwa Sheria ya Nishati Vijijini, na mwaka 2007 Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ulianza kazi. Tangu hapo nguzo za umeme zimekuwa zikisonga mbele mwaka hata mwaka. Tanzania Bara ina vijiji 12,318, na kufikia mwaka 2025 Serikali ilitangaza kwamba vyote vimekwisha kufikiwa na umeme.

Mkoa wetu wa Kagera una habari yake yenyewe. Kwa muda mrefu haukuunganishwa na gridi ya taifa, bali ulinunua umeme kutoka Uganda, ukaingia kwa njia ya Kyaka. Mto Kagera nao umeanza kufanya kazi. Huko Rusumo, wilaya ya Ngara, umejengwa mtambo wa megawati 80 unaogawiwa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Na katika wilaya yetu ya Kyerwa, mahali paitwapo Murongo, uko mtambo mwingine mpakani, ambao upande wa pili, nchini Uganda, pakitwa Kikagati. Umeme wake hugawanywa nusu kwa nusu baina ya nchi hizi mbili. Megawati moja ni wati milioni moja, basi msomaji na ajipigie hesabu ni balbu ngapi za wati 7 zinazoweza kuwaka kwa megawati moja tu.

Lakini laini ikifika kijijini haijafika bado katika kila kitongoji. Kwetu nyumba zimetawanyika katika migomba, na kati ya kilima na kilima pana mabonde. Nguzo zilipokuwa bado kufika, na hata sasa katika vitongoji vya mbali, watu hutegemea jua. Ndivyo ilivyokuwa zahanati yetu.

WAGENI WALIPOKUJA

Mwaka 2019, nilipokuwa darasa la saba, walikuja kijijini kwetu vijana sita kutoka Ulaya. Walikuwa wanafunzi wa uhandisi. Hawakulipwa mshahara, waliitoa likizo yao wenyewe, na nauli wakajilipia. Wakati huo zahanati haikuwa na umeme. Mama akija kujifungua usiku, muuguzi aliwasha kandili, au alimwomba aliyemsindikiza mgonjwa ashike tochi.

Wageni wale walifanya kazi muda wa majuma mawili. Sisi watoto tuliwasombea mchanga na mawe, na mafundi wa kijiji waliwajengea kisanduku cha kuwekea betri. Walifunga juu ya paa bamba moja la jua la wati 150. Chini yake waliweka betri ya volti 12 na ampea-saa 100, pamoja na kidhibiti cha chaji, ambacho mafundi wetu hukiita kontrola. Walifunga balbu sita, taa moja kubwa katika chumba cha kujifungulia, na mahali pa kuchomeka redio. Jioni taa zilipowashwa kwa mara ya kwanza akina mama walipiga vigelegele, na wazee walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kesho yake alichinjwa mbuzi, na siku ya tatu wageni waliondoka.

Waliacha nyuma yao mambo mawili. La kwanza ni karatasi ya maelezo waliyoibandika ukutani, nayo iliandikwa kwa Kiingereza. La pili ni kijana mmoja wa kijijini waliyemfundisha jinsi ya kutunza mtambo. Kijana huyo alijifunza vizuri sana. Lakini haukupita mwaka akaenda Mwanza kutafuta kazi, wala hatuwezi kumlaumu, maana aliyepata ujuzi hutafuta mahali ambapo ujuzi wake unalipwa. Ikabaki karatasi peke yake ukutani.

KOSA LANGU

Mwanzoni taa zilitumika kama ilivyokusudiwa. Baadaye watu walianza kuleta simu zao zichajiwe, kwanza mbili tatu, halafu kumi, halafu ishirini kwa siku. Kisha mtu mmoja mwenye moyo mwema alileta inveta na televisheni, ikawekwa mahali pa kungojea wagonjwa, na siku za Simba na Yanga ukumbi ulijaa hadi nje. Hakuna aliyeona ubaya wowote. Watu walisema jua halina bili.

Basi kontrola ikaanza kuzima. Kila usiku ilipofika saa mbili au saa tatu, kijitaa chake chekundu kiliwaka, na umeme ukakatika mpaka asubuhi. Watu wakasema kontrola imeharibika. Ilikuwa likizo ya Desemba mwaka 2020, nami nilikuwa nimemaliza Kidato cha Kwanza. Pale kijijini nilijulikana kama fundi, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kutengeneza redio za watu kadhaa. Wakaniita. Nilitazama, nikafungua skrubu, nikatoa nyaya katika kontrola, nikaziunganisha moja kwa moja na betri. Taa zikawaka, televisheni ikawaka, watu wakanishangilia, na mtu mmoja akanipa shilingi 2,000. Nilirudi nyumbani nikijiona mtu mkubwa.

Mwaka mmoja baadaye, Desemba 2021, nilikuwa tena nyumbani kwa likizo. Wakati huo mvua zilikuwa nyingi na mawingu yalikaa siku nzima. Usiku mmoja shemeji yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, alishikwa na uchungu. Tulimpeleka zahanati, mimi nikiendesha baiskeli mbele na tochi. Tulipofika muuguzi alibonyeza swichi, taa ikatoa wekundu hafifu kama kaa la moto, kisha ikazimika. Hapakuwa na kandili tena, maana tangu taa zilipokuja hakuna aliyenunua mafuta ya taa.

Bibi yangu aliingia ndani na simu, akamulika. Mimi niliketi barazani nikasikia yote. Nilimsikia muuguzi akisema, "Mama, shusha mkono kidogo, sioni ninaposhona." Simu ile ilikuwa imejaa chaji, na chaji hiyo ilitoka katika betri ile ile mchana wa siku hiyo. Hapo ndipo moyo wangu uliponichoma, ingawa bado sikujua hesabu yake.

Tunamshukuru Mungu, mama na mtoto walipona. Mtoto huyo sasa ana zaidi ya miaka mitatu, na mimi ndiye ninayempa pipi kila likizo.

LAWAMA

Mwezi wa Januari ulifanyika mkutano. Watu wengi walisema, na wengine kwa hasira, ya kwamba wageni wale walituletea betri mbovu. Kwamba vitu vya msaada ndivyo vilivyo, havidumu. Kwamba walikuja kupiga picha tu na kwenda zao. Nilikuwa nimeketi nyuma pamoja na vijana wenzangu. Nilijua kuwa nyaya nilizitoa mimi. Sikusema neno. Nilirudi shuleni nikiwa nimenyamaza, na watu ambao hawakuwapo kujitetea walibeba lawama yangu.

Mwaka huo huo, nikiwa Kidato cha Tatu, tulifika katika somo la umeme wa mkondo. Mwalimu aliandika ubaoni kanuni tatu fupi, nami nikaona mbele yangu zahanati ya Kamuli. Hizi hapa, na msomaji azifuate polepole.

JINSI SOLA INAVYOFANYA KAZI

Bamba la jua limetengenezwa kwa silikoni, kitu kinachopatikana katika mchanga. Mwanga wa jua ukiipiga silikoni iliyotayarishwa, huzisukuma elektroni zilizomo zikaanza kwenda, na mwendo huo wa elektroni ndio mkondo wa umeme. Bamba la kwanza la silikoni lililofaa kwa kazi lilionyeshwa mwaka 1954 na wataalamu wa maabara ya Bell huko Marekani. Lilibadili sehemu 6 tu katika kila sehemu 100 za nguvu ya jua kuwa umeme. Mabamba ya siku hizi hubadili sehemu 20 hivi.

Bamba halina ghala. Jua likitua, nalo limelala. Kwa hiyo umeme wa mchana huwekwa katika betri. Betri ya risasi, kama ile ya gari, ina bamba za risasi na za oksidi ya risasi zilizozamishwa katika asidi ya salfa. Umeme unapotoka, bamba zote mbili hufunikwa na salfeti ya risasi. Umeme unapoingia, salfeti hiyo huondoka. Lakini betri ikiachwa tupu muda mrefu, salfeti hugeuka fuwele ngumu zisizotoka tena, na bamba hushindwa kufanya kazi. Hicho ndicho kifo cha betri nyingi za kijijini. Hazifi kwa uzee, bali kwa njaa.

Sasa kanuni. Volti mara ampea ni wati. Wati mara saa ni wati-saa. Na kinachotoka kisizidi kinachoingia. Hii ya tatu hata mwenye duka dogo aijua, ila kwa fedha.

HESABU YA ZAHANATI

Tuanze na ghala. Betri yetu ilikuwa ya volti 12 na ampea-saa 100. Basi ilibeba 12 × 100, yaani wati-saa 1,200. Lakini betri ya risasi haifai kutumiwa zaidi ya nusu yake ikiwa tunataka idumu. Kwa hiyo akiba yetu ya kweli ilikuwa wati-saa 600.

Sasa mapato. Bamba la wati 150, tukilihesabia saa 4 za jua kali kwa siku, hutoa 150 × 4, yaani wati-saa 600. Lakini njiani kuna hasara: joto, vumbi juu ya bamba, nyaya, na betri yenyewe. Tukiondoa robo, hubaki wati-saa 450.

Sasa matumizi ambayo wageni walikusudia. Balbu sita za wati 7 kwa saa 5: 6 × 7 × 5 ni 210. Taa ya chumba cha kujifungulia, wati 10 kwa saa 6, ni 60. Redio ya wati 10 kwa saa 4 ni 40. Jumla ni wati-saa 310. Mapato 450, matumizi 310. Kunabaki ziada ya 140. Na jua lisipotoka kabisa, akiba ya 600 ingeendesha taa karibu siku mbili. Kumbe wale vijana walipiga hesabu yao vizuri, na betri haikuwa mbovu hata kidogo.

Sasa matumizi tuliyoyaongeza sisi. Simu 20, kila moja wati-saa 10, ni 200. Televisheni ya wati 60 kwa saa 4 ni 240. Jumla ya nyongeza ni 440. Ongeza na 310 za kwanza, ni 750. Mapato ni 450. Kila siku tulikula wati-saa 300 zaidi ya tulizolima. Akiba ya 600 iliisha kwa siku mbili.

Basi kontrola ilipozima usiku haikuwa imeharibika. Ilikuwa ikifanya kazi iliyowekewa, yaani kuilinda betri isikamuliwe mpaka mwisho. Ilikuwa ni mlinzi anayefunga ghala la mbegu wakati wa njaa ili kuwe na cha kupanda. Nami nilimwondoa mlinzi nikapewa shilingi 2,000.

Niliipiga hesabu hiyo mara tatu, nikitumaini kuwa nimekosea. Haikubadilika.

KUSEMA KWELI

Likizo ya Juni mwaka 2022 nilikwenda zahanati nikamweleza muuguzi yote, nikamwonyesha na hesabu katika daftari. Alisoma kimya mpaka mwisho. Kisha akaniambia, "Mwanangu, kosa lililofichwa halina fundi. Nenda kawaambie kamati."

Nilikwenda mbele ya kamati ya zahanati nikasema. Nilitazamia kufokewa. Mzee mmoja aliniuliza, "Sasa unataka tukufanyeje?" Nikamjibu kuwa naomba waache kuwalaumu wageni, na mimi waniruhusu nisaidie kutengeneza nilichoharibu. Walicheka kidogo, wakakubali. Muuguzi aliwaandikia wageni barua kuwaeleza mambo yalivyokwenda. Wao nao walijibu kwa uungwana, wakasema nao walikosa, kwani waliandika maelezo kwa lugha isiyosomwa na wengi na kumfundisha mtu mmoja tu. Barua hiyo ilinifundisha kwamba anayejitolea naye ana mambo ya kujifunza, na kwamba kosa likigawanywa kwa haki hupungua uzito.

WENGINE WAMEFANYAJE?

Nilipokuwa nikitafuta njia ya kutengeneza mambo, nilisoma habari za mahali pawili zilizonifaa.

Huko India, katika jimbo la Rajasthan, kiko kijiji kiitwacho Tilonia. Mwaka 1972 Bunker Roy alianzisha hapo chuo ambacho leo chajulikana kama Barefoot College, maana yake chuo cha pekupeku. Chuo hicho kimewafundisha ufundi wa sola akina mama wa vijijini kutoka nchi nyingi, wengi wao wakiwa na wajukuu na wengine hawajui kusoma. Kwa kuwa hawakuwa na lugha moja, walifundishwa kwa rangi, kwa ishara na kwa kutenda kwa mikono. Walikaa miezi kadhaa, kisha wakarudi kwao kufunga na kutengeneza mitambo. Miongoni mwao walikuwamo wanawake wa Tanzania, Bara na Visiwani, na baadaye kilifunguliwa chuo cha namna hiyo huko Kinyasini, Unguja. Kwa nini akina mama watu wazima? Bunker Roy alieleza kuwa kijana akipata cheti hukimbilia mjini, lakini bibi hubaki na kijiji chake. Niliposoma hayo nilimkumbuka yule kijana wetu wa Mwanza.

Na tuangalie jambo moja hapa. Mara nyingi tukisema "kujitolea ng'ambo" twamfikiria Mzungu anayekuja kwetu. Lakini wanawake hao waliacha shamba na wajukuu, wakapanda ndege kwa mara ya kwanza, wakaenda nchi wasiyoijua lugha yake, ili warudi na nuru kijijini kwao. Hao nao walijitolea ng'ambo.

Mahali pa pili ni hapa hapa nchini, kijiji cha Matembwe katika nyanda za Njombe. Miaka ya 1980 shirika la Kitaliano liitwalo CEFA, lililotuma watu wa kujitolea, lilisaidia kujenga mtambo mdogo wa umeme wa maji. Lakini haukuachwa bila mwenyewe. Kampuni ya kijiji iliundwa kuuendesha, na umeme ukauzwa kwa watumiaji, ili fedha za matengenezo zipatikane. Wageni walileta chuma na ujuzi. Wenyeji wakaweka daftari la hesabu. Mtambo usio na daftari ni mzigo wa chuma tu.

TULIVYOFANYA KAMULI

Kwanza tulirudisha kontrola mahali pake. Televisheni na inveta zilirudishwa kwa mwenyewe kwa shukrani, na simu zikapelekwa kwa mwenye duka aliye na sola yake. Hapo palikuwa na maneno kidogo, lakini hesabu iliandikwa kwa chaki ukutani, na baada ya kuiona watu wengi walinyamaza.

Pili, betri mpya. Tuliambiwa bei ya shilingi 400,000. Ilipofika msimu wa kuuza kahawa kaya 200 zilitoa shilingi 2,000 kila moja, na mwezi wa Septemba betri ilinunuliwa. Mimi nilitoa zile 2,000 zangu za mwanzo. Zilikuwa zimekwisha kutumika, lakini nilizifanyia kibarua cha kuchuma kahawa.

Tatu, akiba. Tuseme betri hudumu miaka 4, yaani miezi 48. Shilingi 400,000 tukizigawa kwa miezi 48 ni shilingi 8,333 hivi kwa mwezi. Tukizigawa tena kwa kaya 200, hazifiki shilingi 42 kwa kila kaya. Kamati ilipanga shilingi 50 kwa mwezi. Hakuna mtu aliyeweza kusimama mkutanoni na kusema hana shilingi 50 za taa ya chumba cha kujifungulia.

Nne, watunzaji. Walichaguliwa akina mama wawili, mmoja muuza ndizi na mwingine mkulima, wote wenye nyumba karibu na zahanati, wala hawana shauri la kuhama. Niliitafsiri karatasi ya ukutani kwa Kiswahili, na mahali palipokuwa pagumu tukaeleza kwa Kinyambo. Kisha, kwa kuiga Tilonia, tulitumia rangi. Kila asubuhi kabla jua halijapanda, mama hupima betri kwa mita. Ikiwa volti 12.4 au zaidi, huandika alama ya kijani. Kati ya 12.2 na 12.4, huandika ya njano, na siku hiyo redio haiwashwi. Chini ya 12.2, huandika nyekundu, na taa zote huzimwa isipokuwa ile ya chumba cha kujifungulia. Kila juma bamba hufutwa vumbi, na kila mwezi betri hutazamwa kama imepungukiwa maji, ikaongezwa maji ya betri, si ya kisima.

Mwaka 2024 laini ya umeme ilifika katikati ya kijiji chetu, na zahanati ikaunganishwa. Je, kazi ya sola imekwisha? La. Umeme wa laini ukikatika usiku wa mvua, betri ile hushika zamu. Nilipokuwa nyumbani likizo iliyopita nililifungua daftari. Kurasa nyingi zina kijani, chache njano, na nyekundu nimezihesabu nne tu.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Wanafunzi wenzangu, karibu tutafunga shule na kila mtu atarudi kwao. Nawaomba mfanye mambo haya.

Moja: jumlisheni wati-saa zinazoingia na zinazotoka katika sola ya nyumbani, ya shule ya msingi, ya kanisa au ya msikiti. Kalamu na karatasi zatosha.

Mbili: msiondoe kitu kinachowazuia kabla ya kujua kwa nini kinawazuia. Kontrola inayozima, fyuzi inayokatika, vyote vina neno la kusema.

Tatu: wageni wakija kujitolea, wapokeeni kwa heshima, lakini waulizeni mapema: nani atafundishwa, na je, ni zaidi ya mmoja? Maelezo yataandikwa kwa lugha gani? Betri ikifa, ya pili itanunuliwa kwa fedha gani? Mgeni mwema hatachukia maswali hayo.

Nne: nasi tujitolee. Kati yetu wako watakaokuwa wahandisi, na huenda wengine wakapelekwa nchi za mbali kufunga taa kwa watu wasiowajua. Siku hiyo wakumbuke karatasi ya Kiingereza iliyobandikwa ukutani Kamuli.

Wazee wetu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilipokuwa mdogo nilidhani kazi yote katika methali hiyo ni ya mgeni. Sasa naona kuwa mgeni kazi yake ni kuja, lakini kupona ni kazi ya mwenyeji mwenyewe.